Vumbi Jeupe la Siena: Historia ya Mzunguko wa Kilomita 209

Saa kumi na moja alfajiri, Jumapili moja ya mwanzoni mwa Oktoba, mji mdogo wa Gaiole in Chianti huwa umekwisha kuamka. Giza bado halijatoka, lakini barabarani kuna msururu wa watu waliovaa jezi za sufu, wamekalia baiskeli za chuma ambazo baadhi zimewazidi waendeshaji wake umri. Baada ya kilomita chache wanafika chini ya ngome ya Brolio, na hapo lami inakatika. Mwinuko ulio mbele yao ni wa changarawe nyeupe, na kingo zake zimepangwa vitaa vya moto, kimoja baada ya kingine, hadi juu ngomeni. Kinachosikika ni kokoto zikisagika chini ya matairi membamba.

Hii ndiyo L'Eroica, mzunguko wa kilomita 209 katika mashamba na miji ya kale ya Siena, jimbo la Toscana, katikati ya Italia. Unatoka Gaiole, unapita pembezoni mwa Siena, unashuka kusini hadi Montalcino na Buonconvento, unarudi kupitia Asciano na Castelnuovo Berardenga, unapanda Radda, kisha unafunga pale ulipoanzia. Zaidi ya nusu ya njia hiyo haina lami. Wenyewe huziita strade bianche, barabara nyeupe.

Msomaji wa Kiswahili anaijua barabara ya vumbi. Amelila vumbi lake nyuma ya lori, amesukuma gari kwenye tope lake wakati wa masika, na kila uchaguzi ameahidiwa kwamba lami iko njiani. Ndiyo maana historia hii inanivuta. Ni habari za watu wa nchi yenye lami tele waliosimama wakasema barabara hizi ziachwe na vumbi lake. Ili kujua walifikaje hapo, inabidi turudi nyuma miaka elfu moja na zaidi.

Njia ya kwenda Roma, 990 hadi 1260

Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alisafiri kwenda Roma kupokea kitambaa cha sufu ambacho Papa humvisha askofu mkuu kuwa alama ya mamlaka yake. Wakati wa kurudi Uingereza vituo vya safari yake viliandikwa kimoja kimoja: vituo 79 kutoka Roma hadi pwani ya kuvukia bahari. Siena imo katika orodha hiyo. Imo pia Torrenieri, kijiji cha bondeni chini ya Montalcino, ambako leo waendesha baiskeli hupita mbio wakiwa na njaa ya mchana. Njia yenyewe ilikuja kuitwa Via Francigena, yaani njia itokayo nchi ya Wafaranki.

Siena ni mtoto wa njia hiyo. Mji umekaa juu ya vilima vitatu, hauna bandari wala mto mkubwa, na maji yake ilibidi yaletwe kwa mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi. Kilichoupa uhai ni wapitaji. Mahujaji walihitaji kitanda, uji, daktari na mtu wa kuwabadilishia fedha, na mji ukawapa vyote. Mbele ya kanisa kuu ilisimama hospitali ya Santa Maria della Scala, iliyopokea mahujaji, wagonjwa na watoto waliotupwa. Wabadilisha fedha wakawa mabenki, na mabenki ya Siena yakafikia kuwakopesha mapapa.

Miji mingine ya mzunguko ilizaliwa kwa sababu za aina hiyo hiyo, ila kwa udogo. Buonconvento uliota pale mto Arbia unapokutana na Ombrone, mahali pa wasafiri kupumzisha wanyama. Kaisari Henry VII alifia huko Agosti 1313 akiwa njiani kuelekea kusini. Montalcino ilipanda kilimani kwa ajili ya usalama, na kila aliyewahi kuifikia kwa pedali anajua usalama huo ulinunuliwa kwa jasho la nani.

Jogoo mweusi, 1260 hadi 1348

Kaskazini mwa Siena, mwendo wa siku moja kwa farasi, kulikuwa na Florence, tajiri kama yeye na mwenye choyo kama yeye. Eneo la Chianti lililala katikati yao. Tarehe 4 Septemba 1260, kwenye kilima cha Montaperti kando ya Arbia, jeshi la Siena na washirika wake liliwavunja Waflorence katika vita vilivyoua maelfu kwa siku moja. Dante, ambaye alizaliwa miaka mitano baadaye, aliuandika mto huo kuwa umegeuka mwekundu. Watu wa Siena wanaikumbuka siku hiyo hadi leo kama iliyotokea juzi.

Ushindi haukumaliza ugomvi wa mpaka. Kuna kisa ambacho kila mtoto wa Chianti hukua nacho, na ingawa ni kisa tu, kinafaa sana katika historia ya mbio. Miji miwili ilikubaliana kwamba mpanda farasi mmoja aondoke Siena na mwingine Florence jogoo atakapowika. Watakapokutana, hapo ndipo patakuwa mpaka. Watu wa Siena walimlisha jogoo wao mweupe hadi akashiba. Wa Florence walimfungia jogoo mweusi bila chakula. Siku yenyewe yule mwenye njaa akawika usiku wa manane, mpanda farasi wa Florence akatimua vumbi, na mwenzake alipoanza safari mambo yalikuwa yamekwisha: walikutana Fonterutoli, karibu kabisa na Siena. Hivyo ndivyo inavyosemwa kwamba Chianti ikawa ya Florence. Kilicho kweli bila shaka ni kwamba Radda, Gaiole na Castellina ziliungana chini ya Florence katika Ligi ya Chianti, muungano wa ulinzi, na alama yao ilikuwa jogoo mweusi. Leo jogoo huyo yuko kwenye chupa za divai za Chianti Classico.

Katika vipindi vya amani, Siena ilitawaliwa tangu 1287 na baraza la watu tisa. Baraza hilo lilimwagiza Ambrogio Lorenzetti achore kuta za chumba chao cha mikutano, naye akafanya kazi hiyo kati ya 1338 na 1339. Ukuta mmoja unaonyesha utawala mwema na matunda yake. Lango la mji liko wazi na barabara inateremka kutoka langoni kuelekea mashambani. Wakubwa wanashuka kwenda kuwinda. Wakulima wanapanda na mizigo, na mmoja wao anamswaga nguruwe mweusi mwenye mkanda mweupe mabegani, aina ambayo bado inafugwa huko. Juu angani anaelea mwanamke anayewakilisha Usalama, na mkononi ameshika mti wa kunyongea wenye mtu anayening'inia. Ujumbe ulikuwa wazi: pita bila hofu, na atakayekuvamia atakiona.

Kwangu mimi mchoro huo ndio hati ya kwanza ya mzunguko huu. Barabara ndiyo kipimo cha serikali pale. Kama mkulima anaweza kuleta nguruwe wake sokoni na kurudi na fedha yake salama, nchi inatawaliwa.

Mji uliolala, 1348 hadi 1559

Miaka tisa baada ya Lorenzetti kushuka kwenye jukwaa lake la mbao, tauni iliingia. Mwandishi wa kumbukumbu za mji, Agnolo di Tura, aliandika kwamba aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Lorenzetti naye inaaminika alikufa katika wimbi hilo. Siena ilikuwa imeanza kujenga kanisa kuu jipya ambalo lile la zamani lingekuwa bawa lake tu. Kazi ikasimama, na ukuta wa mbele usio na kanisa nyuma yake bado umesimama.

Mji ulijikokota kwa karne mbili. Mwaka 1472 ukaanzisha Monte dei Paschi, taasisi ya mikopo iliyokuja kuwa benki na inayotajwa kuwa kongwe kuliko zote zinazoendelea kufanya kazi duniani. Kisha Florence ya ukoo wa Medici, ikisaidiwa na majeshi ya Hispania, ikauzingira. Baada ya njaa ya miezi mingi Siena ilisalimu amri Aprili 1555. Familia zilizokataa kupiga magoti zilikimbilia Montalcino zikatangaza kwamba jamhuri bado i hai, juu ya kile kilima, na zikaendelea kusema hivyo hadi 1559. Ndiyo sababu bendera ya Montalcino hupewa nafasi ya heshima katika maandamano ya Palio, mbio za farasi za Siena.

Kushindwa huko kuna matokeo ambayo mgeni huyaona bila kujua chanzo chake. Mji uliopoteza mamlaka na fedha haukuwa na uwezo wa kubomoa na kujenga upya. Minara, matofali mekundu, uwanja wa Campo wenye umbo la kombe, vyote vilibaki kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuvibadilisha.

Nusu kwa nusu

Tukitoka mjini na kuingia mashambani, swali linabadilika. Kwa nini kuna barabara nyingi kiasi hiki? Ukisimama juu ya kilima chochote kati ya Gaiole na Asciano utaona uzi mweupe unaopanda kwenda nyumba moja, mwingine unaoteremka kwenda ya pili, mwingine unaozunguka kuifuata ya tatu, kila nyumba peke yake na miti yake ya saiprasi. Katika sehemu kubwa ya Ulaya wakulima waliishi kijijini pamoja na kutembea kwenda mashambani. Hapa waliishi juu ya shamba lenyewe.

Sababu ni mkataba ulioitwa mezzadria, ambao mizizi yake inakwenda hadi Zama za Kati na ulioitawala Toscana kwa zaidi ya miaka mia sita. Mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba. Familia ya mkulima ilitoa mikono. Mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu. Kila shamba, podere, lilipaswa kuitosheleza familia moja kubwa kwa kila kitu: ngano, mizabibu, mizeituni, maharage, ng'ombe wa kulima, nguruwe, kuku. Mashamba kadhaa yaliunganishwa chini ya makao makuu ya bwana, na huko ndiko zilikokuwa ghala, mashine ya kukamua mafuta, na daftari la madeni.

Sasa barabara inaeleweka. Kila podere lilihitaji njia ya kupeleka nusu ya bwana ghalani, njia ya kwenda kanisani Jumapili, njia ya kisimani na ya kinu. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa mzito, kwa hiyo njia ilitandazwa mawe yaliyovunjwavunjwa kwa nyundo, ikachimbiwa mfereji pembeni, na kila baada ya mvua ikarudiwa. Weupe wake unatokana na chokaa ya mawe ya huko. Upande wa kusini, kwenye vilima vitupu viitwavyo Crete Senesi, udongo ni wa mfinyanzi wa kijivu ambao ukinyeshewa hunata kama unga uliokandwa. Bila changarawe, gurudumu halitembei.

Nusu kwa nusu inasikika kama haki. Haikuwa haki. Juu ya nusu ya mavuno, familia ilipeleka kwa bwana kuku na mayai katika sikukuu zilizotajwa ndani ya mkataba, na ilidaiwa siku za kazi zisizo na malipo. Mzee wa nyumba, capoccia, alikuwa na kauli juu ya kila mkono nyumbani mwake, na bwana alikuwa na kauli juu yake, hata katika kuamua nani aoe na lini, kwa sababu mke mpya ni mdomo mpya na mikono mipya katika hesabu za shamba. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Familia iliyofukuzwa ilipakia vyombo vyake juu ya mkokoteni na kuifuata barabara hiyo hiyo nyeupe kutafuta bwana mwingine. Mtu anapozisifia barabara hizi kwa uzuri, nataka akumbuke ni mgongo wa nani ulioziinamia.

Juu ya mabega ya wakulima hao, mabwana walifanya mambo yaliyoingia vitabuni. Mwaka 1716 Mtawala Mkuu wa Toscana, Cosimo III, alichora kwa amri mipaka ya eneo ambalo divai yake ingeruhusiwa kuitwa Chianti, mojawapo ya sheria za kwanza za namna hiyo duniani. Mwaka 1786 Mtawala Mkuu mwingine, Pietro Leopoldo, aliifuta adhabu ya kifo katika Toscana yote; yule mwanamke wa Lorenzetti angeweza sasa kuuteremsha mti wake. Na katika ngome ya Brolio aliishi Bettino Ricasoli, mtu mkali na mnyoofu aliyekuwa waziri mkuu wa Italia mpya mwaka 1861 baada ya mtangulizi wake, Cavour, kufariki. Alitumia miongo akichanganya zabibu hadi akapata mseto alioueleza kwa barua mwaka 1872: Sangiovese kwa wingi kwa ajili ya harufu na nguvu, Canaiolo kulainisha, na Malvasia kwa divai ya kunywewa upesi. Ngome ambayo vitaa vya alfajiri vinaipandia ni nyumba yake.

Wakati huohuo reli ilifika Siena mwaka 1849 kutoka Empoli. Wasafiri wa Roma wakaanza kuiacha barabara ya kale, na nyumba za wageni za bondeni zikafunga milango. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza ambapo chombo kipya kilizipita njia hizi na kuziacha jinsi zilivyo. Haikuwa ya mwisho.

Baiskeli inaingia, 1870 hadi 1948

Februari 1870, mbio za baiskeli zilifanyika kutoka Florence hadi Pistoia, kilomita thelathini na kitu, miongoni mwa za kwanza kabisa za barabarani nchini Italia. Mshindi alikuwa kijana kutoka Marekani, na zawadi yake ilikuwa medali ya dhahabu na bastola. Baiskeli wakati ule zilikuwa chombo cha vijana wa kitajiri, zenye magurudumu ya mbao na vyuma, zikiwatingisha mifupa yote.

Kufikia Mei 1909, ilipoanza Giro d'Italia ya kwanza kutoka Milano, mambo yalikuwa yamegeuka. Mshindi wake, Luigi Ganna, alikuwa fundi mwashi aliyezoea kwenda kazini kwa baiskeli. Inafaa kusisitiza jambo moja hapa: mbio hizo hazikuwa na sehemu maalumu za vumbi, kwa kuwa barabara nzima ilikuwa vumbi. Mashujaa wa miongo ile walifika mwisho na nyuso nyeupe, miwani ikiwa imewachora duara mbili machoni, na ndivyo Waitaliano wanavyoziona picha zao hadi leo.

Toscana ilimtoa Gino Bartali, aliyezaliwa mwaka 1914 Ponte a Ema, kando ya Florence, mtoto wa kibarua, aliyejifunza baiskeli akiwa kijana katika karakana ya kuzitengeneza. Alishinda Tour de France mwaka 1938. Vita vilipokuja na Wajerumani kuishika nchi baada ya Septemba 1943, Bartali aliendelea "kufanya mazoezi". Alikuwa akipeleka hati bandia kati ya Florence na Assisi, zimekunjwa ndani ya mabomba ya fremu, kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa wamefichwa na mtandao wa kanisa chini ya Kardinali Elia Dalla Costa. Askari aliyemsimamisha alimkuta ni Bartali, bingwa, na Bartali alimwomba asiiguse baiskeli kwa sababu imepimwa kwa ustadi. Hakusimulia hadharani. Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya maangamizi ya Wayahudi, ilimtambua mwaka 2013, miaka kumi na mitatu baada ya kifo chake.

Mzunguko wetu nao ulipitiwa na vita. Tarehe 3 Julai 1944 Siena ilikombolewa na kikosi cha Kifaransa ambacho askari wake wengi walikuwa Waalgeria na Wamoroko. Jenerali wao, de Monsabert, alikataza mizinga isielekezwe kwenye mji wa kale. Hivyo, pamoja na umaskini na bahati, kuna Waafrika wa Maghrib wanaostahili kutajwa katika orodha ya sababu za Siena kusimama ilivyo.

Bartali alirudi akashinda Tour de France tena mwaka 1948, miaka kumi baada ya ile ya kwanza.

Mashamba yanahamwa, 1950 hadi 1985

Baada ya vita mkataba wa nusu kwa nusu ulikufa haraka kuliko yeyote alivyotarajia. Wakulima walikuwa wamedai mgawo bora kwa maandamano na migomo, lakini kilichowaondoa hasa ni kiwanda. Vijana wa kike hawakutaka tena kuolewa shambani, kwenye nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba, chini ya amri ya capoccia. Familia zilishuka kwenda Poggibonsi, Siena na Florence kutafuta mshahara unaolipwa kila mwezi. Mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria. Ile iliyobaki ilikuja kumaliziwa na sheria ya mwaka 1982.

Mwaka huohuo 1964, Barabara Kuu ya Jua kutoka Milano hadi Napoli ilikamilika. Ilipita mashariki, upande wa Arezzo, na kuiacha Siena pembeni, kama reli ilivyokuwa imeiacha barabara ya kale. Nyumba za mawe zikaachwa na milango wazi. Upande wa Crete Senesi wafugaji kutoka kisiwa cha Sardinia walinunua ardhi kwa bei ya chini wakaleta kondoo zao na jibini yao. Upande wa Chianti walikuja Waingereza, Wajerumani na Waswisi, wakanunua magofu na kuyafanya nyumba za likizo. Baridi kali ya Januari 1985 iliua mizeituni mingi mno ya Toscana, na kwa wengine waliokuwa bado wanashikilia kilimo cha babu zao, huo ulikuwa mwisho.

Barabara zilibaki bila kazi iliyoziumba. Pale ambapo halmashauri ilipata fedha, lami ilimwagwa, na si vibaya: mama anayepeleka mtoto shule, mzee anayehitaji gari la wagonjwa, hawana sababu ya kupenda vumbi. Pale ambapo hapakuwa na wakazi wa kutosha kudai lami, changarawe ilibaki. Ramani ya barabara nyeupe za leo, kwa sehemu kubwa, ni ramani ya mahali watu walikohama.

Gaiole, 1997

Giancarlo Brocci ni mwenyeji wa Gaiole. Alikua akisikia wazee wakisimulia Bartali na mpinzani wake Coppi kana kwamba ni jamaa zao, na akaona vitu viwili vikitoweka pamoja: baiskeli ya namna ile, ya njaa na vumbi, na barabara iliyoizaa. Mwaka 1997 aliitisha safari. Walijitokeza watu 92. Wakazunguka kwa baiskeli za zamani kwenye barabara nyeupe, wakala mkate na mafuta ya zeituni, wakanywa divai njiani.

Kanuni zilizokuja kuwekwa ni za fundi anayejua anachokitaka. Baiskeli iwe imetengenezwa kabla ya 1987; vibadili gia viwe kwenye bomba la chini la fremu, si kwenye usukani; pedali ziwe na vizuizi vya chuma na mikanda ya ngozi; waya za breki zipite nje. Katika vituo vya chakula hakuna vidonge wala vinywaji vya rangi. Kuna ribollita, mchuzi mzito wa maharage, kabichi na mkate wa jana, chakula kile kile alichokula mkulima wa nusu kwa nusu kwa sababu mkate haukutupwa. Nadhani huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote. Mtu anayeinama juu ya bakuli lile Asciano amechoka kiasi cha kuelewa kidogo kwa nini kilipikwa hivyo.

Lengo la Brocci lilikuwa barabara kwanza, na baiskeli ilikuwa hoja yake. Barabara isiyo na mtu haina wa kuitetea mbele ya halmashauri. Watu 92 walipokuwa maelfu, wakilala Gaiole, wakila Radda, wakinunua divai Montalcino, changarawe ikawa na thamani inayohesabika. Njia nzima ikawekewa vibao vya kudumu, na sasa mtu yeyote anaweza kuizunguka mwaka mzima, bila usajili, kwa baiskeli yoyote.

Matope ya mabingwa, 2007 hadi leo

Oktoba 2007 waendeshaji wa kulipwa walifuata. Mbio mpya, iliyopewa kwanza jina la Monte Paschi Eroica, iliondoka Gaiole na kumalizikia Siena. Mrusi Alexandr Kolobnev alishinda. Mwaka uliofuata ilihamia Machi, baadaye ikachukua jina la Strade Bianche. Fabian Cancellara wa Uswisi aliishinda mwaka 2008, 2012 na 2016, na kipande cha Monte Sante Marie, kilomita kumi na moja na nusu za kupanda na kushuka katika udongo mtupu wa Crete, kikapewa jina lake. Wanawake walianza mwaka 2015, mshindi wao wa kwanza akiwa Mmarekani Megan Guarnier.

Lakini siku iliyoziingiza barabara hizi katika mioyo ya watu ilikuwa ya Giro, tarehe 15 Mei 2010. Mvua ilinyesha mchana kutwa kwenye njia ya kwenda Montalcino. Vincenzo Nibali, aliyevaa jezi ya waridi ya kiongozi, alianguka. Wachezaji wakageuka sanamu za matope, jezi zote rangi moja, watangazaji wasiweze kumtambua mtu kwa sura. Cadel Evans wa Australia, bingwa wa dunia, alivuka mstari akiwa wa kwanza, na michirizi ya upinde wa mvua kifuani mwake haikuonekana.

Tangu hapo changarawe ikawa na nafasi yake katika mbio kubwa. Mwisho wa Strade Bianche ni kwenye mtaa wa Via Santa Caterina, mwinuko unaofikia asilimia 16 kati ya kuta za mawe, halafu kushuka ghafla ndani ya Campo, mbele ya jumba lenye mchoro wa Lorenzetti. Mwaka 2023, katika mbio za wanawake, Demi Vollering alijikuta nyuma ya farasi aliyetoroka, akikimbia mbele yake juu ya barabara nyeupe, kama vile kile kisa cha jogoo kilidai kurudiwa. Vollering alishinda. Mwaka 2024 Tadej Pogačar aliwaacha wenzake Monte Sante Marie zikiwa zimebaki kilomita 81, akaenda peke yake hadi Siena. Alishinda tena Machi 2025 licha ya kuanguka na kuchunika bega, na Septemba mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia Kigali, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya barabarani kufanyika Afrika, akipanda mawe ya Kimihurura mbele ya umati wa Wanyarwanda.

Wale wa baiskeli za kabla ya 1987 hawafiki Campo. Mzunguko wao unaachana na Siena mapema asubuhi, na jioni, wakitoka Radda kuteremkia Gaiole, wengi wao huwa wamekaa kwenye kiti zaidi ya saa kumi na mbili. Mfukoni wanayo kadi ambayo imegongwa muhuri katika kila kituo, alama kwamba kweli walipita. Bondeni kati ya Buonconvento na Torrenieri, wakati fulani wa siku hiyo, huwa wamepishana na watu wanaotembea kwa miguu na mabegi mgongoni, mahujaji wa leo wa njia ya Sigeric wanaokwenda Roma. Nao wana kadi yao, na mihuri yao.